Kusanifu upya skrini ya simu kwa ajili ya kidole gumba: hatua kwa hatua

Programu nyingi za simu huchorwa kwenye kompyuta, na mtu aliyekaa mezani akiwa ameshika kipanya. Ncha ya kishale cha kipanya ni ndogo, haizibi kitu, na inaweza kutulia juu ya kitufe bila kukibonyeza. Kidole hakina hata sifa moja kati ya hizo. Ni kipana, kinaficha kile kile kinachokigusa, kina jasho au vumbi, na kikishagusa kimeshagusa. Kwa hiyo fomu iliyokaa vizuri kwenye laptop, ikihamishiwa simuni kwa kupunguzwa ukubwa tu, humsumbua mtumiaji kila siku. Mbaya zaidi, mtumiaji hujilaumu mwenyewe na kusema simu hizi zinamshinda. Lawama si yake, ni ya aliyesanifu.

Kusanifu upya hujifunzwa vizuri kwa kushika skrini moja na kwenda nayo mpaka mwisho. Nimechagua skrini ya mweka hazina wa kikoba, kwa sababu kazi yake ina fedha za watu ndani yake na hufanyika huku mkono mmoja umeshika noti. Tuseme kikundi kina wanachama 25. Kila kikao, mwanachama hununua hisa, hutoa mchango wa mfuko wa jamii, na mwenye mkopo hulipa rejesho. Kwenye vikundi vingi mtu huruhusiwa kununua hisa moja hadi tano kwa kikao, na kila hisa hugongewa muhuri kwenye kijitabu chake. Kumbuka hilo la hisa tano, tutalirudia.

Skrini tunayoanza nayo ni ile inayoonekana kwenye programu nyingi za aina hii: juu kuna orodha ya kushuka yenye majina yote, chini yake visanduku vya tarehe, hisa, mfuko wa jamii, rejesho na faini, na mwishoni vitufe viwili vidogo vilivyobanana, "Hifadhi" na "Futa".

Hatua ya 1: Tazama mkono kabla ya kutazama skrini

Nenda kikaoni, au popote programu yako inapotumika, ukae pembeni na kuangalia. Anashikaje simu? Noti ziko mkono gani? Amekaa juani au kivulini? Kioo kimepasuka? Andika unachokiona, usiulize maoni kwanza, maana watu huona aibu kusema kitu kinawashinda.

Mwaka 2013 Steven Hoober, mtafiti wa usanifu wa simu, alichapisha matokeo ya kuwatazama watu 1,333 wakitumia simu mahali pa wazi, barabarani na kwenye vyombo vya usafiri. Kati ya 780 waliokuwa wakigusa kioo, asilimia 49 walitumia mkono mmoja, asilimia 36 walishika kwa mkono mmoja na kugusa kwa mwingine, na asilimia 15 walitumia mikono yote miwili. Watu hubadilisha ushikaji dakika hadi dakika, kwa hiyo usizichukulie namba hizo kama makundi matatu ya watu. Chukua hili tu: kidole gumba ndicho mfanyakazi mkuu, na kimefungwa kwenye kiganja kilichoshika simu.

iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 ilikuwa na kioo cha inchi 3.5, na kidole gumba kilifika karibu kila kona. Leo simu za kawaida za Tecno, Infinix na Samsung zinazidi inchi 6. Simu imerefuka, kidole ni kile kile. Kona ya juu, upande wa pili wa mkono ulioshika, sasa ni mahali pa kuangalia tu, si mahali pa kugusa.

Hatua ya 2: Hesabu miguso ya kazi moja

Chukua karatasi. Andika kila mguso unaohitajika kumwingiza mwanachama mmoja aliyenunua hisa 3 na kutoa shilingi 1,000 za mfuko wa jamii. Kwenye skrini yetu ya zamani: kugusa orodha, kusogeza, kuchagua jina, kugusa kisanduku cha hisa, kuandika 3, kugusa kisanduku cha mfuko wa jamii, kuandika tarakimu nne moja moja, kushusha kibodi, kugusa "Hifadhi". Miguso 12. Kwa watu 25 ni miguso 300, huku foleni ya wanachama ikisubiri na kelele zikipanda. Hapo hatujaweka kukosea hata mara moja.

Usiruke hatua hii hata kama unaona unajua. Hesabu hii ndiyo itakayokuonyesha kazi kubwa ilipo, nayo mara nyingi haiko kwenye rangi wala mpangilio.

Hatua ya 3: Ondoa kuandika kote kunakoweza kuondolewa

Kuandika kwa kidole ni kazi ya polepole yenye makosa mengi, na kibodi ikipanda inameza karibu nusu ya skrini. Kwa hiyo kila kisanduku kihojiwe: je, simu haijui tayari jibu hili?

Tarehe inaijua. Iondoe kwenye fomu, iandike juu kama maelezo, na aliye na sababu ya kuibadilisha aiguse.

Majina inayajua, na hata mpangilio wake unajulikana, kwa sababu katika vikundi vingi kila mwanachama ana namba yake na huitwa kwa namba hiyo. Orodha ya kushuka haina kazi hapa. Skrini ifunguke ikiwa na mwanachama namba 1, na akishahifadhiwa aje namba 2 yenyewe. Aliyechelewa arukwe kwa kitufe cha "Ruka", na kuwe na njia ya kumrudia.

Mfuko wa jamii umepangwa kwenye katiba ya kikundi, wote hutoa kiasi kimoja. Basi kiasi hicho kiwe kimeshajazwa, na mweka hazina aguse pale tu mtu anapokuwa hakutoa.

Rejesho na faini hawahusiki nazo wote kila wiki. Zifiche nyuma ya mstari mmoja ulioandikwa "Ongeza rejesho au faini", isipokuwa kwa mwanachama mwenye mkopo, ambaye rejesho lake lionekane lenyewe likiwa na kiasi kinachotakiwa.

Zimebaki hisa. Ikiwa kiwango cha juu ni tano, kwa nini tumfungulie mtu kibodi nzima yenye tarakimu kumi ili achague kati ya tano? Weka vitufe vitano mstari mmoja: 1, 2, 3, 4, 5. Aliyenunua tatu, gusa 3. Kimfumo hii inazuia pia kosa la kuandika 33, ambalo hakuna ujumbe mwekundu wa onyo unaoweza kulizuia vizuri namna hiyo. Na mweka hazina hahitaji kufundishwa, kwa kuwa kijitabu chake tayari kinahesabu hisa kwa mihuri.

Sasa hesabu tena. Gusa 3, gusa "Hifadhi", mwanachama anayefuata amekuja. Miguso 2. Kwa watu 25 ni miguso 50, kutoka 300.

Pale ambapo kuandika hakukwepeki, kama kiasi cha mkopo, hakikisha inapanda kibodi ya namba. Kwenye kurasa za wavuti andika `inputmode="numeric"` ndani ya kisanduku. Maandishi ya kisanduku yasipungue pikseli 16, la sivyo Safari ya iPhone huvuta ukurasa karibu kila kisanduku kinapoguswa, na mtumiaji anapoteza mwelekeo.

Hatua ya 4: Pima vitufe kwa milimita

Apple inapendekeza eneo la kugusa lisipungue pointi 44 kwa 44 (pointi ni kipimo chake cha ukubwa kwenye skrini). Google, kwa Android, inapendekeza dp 48 kwa 48 (dp ni kipimo cha Android kisichotegemea wingi wa pikseli za kioo), na nafasi ya dp 8 kati ya vitufe. Mwongozo wa ufikivu wa WCAG 2.2, uliotoka mwaka 2023, unakubali kiwango cha chini cha pikseli 24 za CSS (kipimo cha kurasa za wavuti) na unaweka 44 kwenye ngazi ya juu kabisa. Chukulia 24 kama sakafu, usijenge juu yake kwa hiari.

Kwa kidole gumba cha mkono mmoja kuna kipimo ninachokiamini zaidi. Mwaka 2006 watafiti Pekka Parhi, Amy Karlson na Benjamin Bederson walipima watu wakigusa kwa kidole gumba, wakaona kwamba kwa mguso mmoja mmoja kitufe cha milimita 9.2 kinatosha, na kwa miguso ya mfululizo, kama kuandika namba, milimita 9.6. Kazi ya mweka hazina ni ya mfululizo, basi tushike 9.6.

Ibadilishe kuwa dp. Inchi moja ina dp 160 na milimita 25.4, hivyo milimita 9.6 ni kama dp 60. Vitufe vitano vya dp 60 ni 300. Nafasi nne za dp 8 ni 32. Jumla 332. Simu nyingi za Android zina upana wa dp 360 zikiwa wima, kwa hiyo inabaki dp 28, yaani 14 kila upande. Vimeingia. Kama kikundi kingeruhusu hisa kumi, mstari mmoja usingetosha: ungepanga mistari miwili ya vitano vitano, badala ya kuvinyoosha vitufe viwe vyembamba.

Jambo moja linalosahaulika: kinachopimwa ni eneo linalopokea mguso, si mchoro unaoonekana. Aikoni ya kalamu inaweza kuwa dp 24, lakini eneo linaloizunguka lipokee mguso hadi dp 48.

Hatua ya 5: Panga juu vya kusomwa, chini vya kuguswa

Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kufikia shabaha huongezeka kadiri ilivyo mbali na kadiri ilivyo ndogo. Kwenye simu, "mbali" hupimwa kuanzia pale kidole gumba kilipopumzika, chini ya skrini.

Kwa hiyo juu weka jina na namba ya mwanachama kwa herufi kubwa, hisa zake za tangu mwanzo wa mzunguko, na jumla ya fedha za kikao. Hivyo ni vya macho. Mstari wa hisa ushuke chini ya katikati. "Hifadhi" ikae chini kabisa, ikienea upana wote wa skrini. Kitufe kilichoenea upana wote hakijali mkono wa kulia wala wa kushoto, kwa hiyo huhitaji kuwatengenezea wanaotumia mkono wa kushoto skrini ya peke yao.

"Futa" iondoke kabisa jirani na "Hifadhi". Kinachoharibu hakiwekwi mahali ambapo kidole kinapita kila sekunde tano. Ipeleke juu, au ndani ya ukurasa wa mwanachama.

Achana na kingo. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, anayetumia ishara za kidole hurudi nyuma kwa kutelezesha kutoka ukingo wowote, wa kushoto au wa kulia. Kwenye iPhone kurudi huanzia ukingo wa kushoto, na kwenye zisizo na kitufe cha chini, kutoka kwenye programu huanzia ukingo wa chini. Ukiweka kitu cha kuburuta pembeni kabisa, mtu ataburuta kiasi na kujikuta ametoka kwenye ukurasa. Na kibodi inapopanda, hakikisha kitufe cha kuhifadhi kinapanda nayo. Nimeona fomu nyingi ambazo kitufe kinabaki kimefichwa chini ya kibodi, na mtu asiyejua kuishusha anaishia hapo.

Hatua ya 6: Jibu mguso papo hapo

Mwenye kipanya akisogea juu ya kitufe, kitufe hubadilika rangi kabla hajabonyeza. Mwenye kidole hapati dokezo hilo. Kwa hiyo chochote ulichokificha kionekane pale kishale kinapotulia (maelezo, menyu ndogo, vitufe vya kuhariri) kwa mtumiaji wa simu hakipo. Pitia skrini yako na ukitoe hadharani.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, mwaka 1993 aliandika kipimo ambacho bado kinafaa: ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu huona jambo limetokea hapo hapo, na ndani ya sekunde moja mawazo yake hayakatiki. Kitufe kibadilike rangi ndani ya ile sehemu moja ya kumi hata kama kazi yenyewe haijaisha. Asipoona mabadiliko atagusa tena, na tena.

Ila kumbuka kidole kimekaa juu ya kitufe hicho. Jibu lililo ndani ya kitufe tu halionekani. Kibodi za simu zilitatua hili mapema: ukigusa herufi, herufi ile huchomoza juu ya kidole. Sisi tukigusa 3, basi kule juu karibu na jina paandikwe "Hisa 3, sh 15,000" kwa kikundi chenye hisa ya shilingi 5,000. Mweka hazina anausoma ujumbe huo kwa sauti, mwanachama anaitikia, wahesabu pesa wanasikia.

Kazi itendeke kidole kinapoinuliwa, si kinapogusa. Aliyegusa kimakosa ataweza kukiteleza kidole nje ya kitufe kisha akakiinua, na hakuna lililotokea.

Halafu mtandao. Hifadhi kwanza kwenye simu, ndipo utume. Onyesha hali mbili kwa maneno ya kawaida: "Imehifadhiwa kwenye simu" na "Imetumwa". Kila rekodi ipewe utambulisho wake wa pekee pale pale inapoundwa simuni, ili ikitumwa mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika katikati, seva itambue ni ile ile na isimhesabie mtu hisa 6 badala ya 3. Kuzima kitufe baada ya mguso wa kwanza kunasaidia, lakini peke yake hakutoshi.

Hatua ya 7: Kosa la kawaida litenguliwe, la fedha nzito lisomwe kwanza

Kisanduku cha "Una uhakika?" kikijitokeza kwa kila mwanachama, baada ya watu watatu kidole kinajibu "Ndiyo" bila macho kusoma. Kwa hisa, hifadhi moja kwa moja na uache chini mstari unaosema "Namba 7: hisa 3" pamoja na kitufe cha "Tengua". Mstari huo usitoweke baada ya sekunde chache. Ubaki mpaka mwanachama anayefuata ahifadhiwe.

Kutoa mkopo ni jambo jingine. Hapo msimamishe mtu, na umwonyeshe kitu cha kusoma. Huduma za kutuma pesa kwa simu zimetuzoesha vizuri: jina la mpokeaji na kiasi huonekana kabla hujaweka namba ya siri. Fuata mtindo huo huo. Kitufe chenyewe kiseme kitendo, "Toa mkopo wa sh 300,000", na cha pembeni kiseme "Rudi". "Ndiyo" na "Hapana" humlazimu mtu kukumbuka swali lilikuwa nini.

Hatua ya 8: Ishara za kidole ziwe njia ya mkato

Kutelezesha ili kufuta, kushikilia ili kuchagua, kuburuta ili kupanga: yote hayo hayaonekani kwenye skrini, na anayeanza hatayabahatisha. Yaweke ukipenda, lakini kila moja liwe na kitufe kinachoonekana kinachofanya kazi ile ile.

Hatua ya 9: Maneno, jua na macho

Maneno ya Kiswahili hurefuka. Kitufe kilichopimwa kwa neno la herufi nne kitavunjika ukikiandikia "Zilizothibitishwa". Acha kitufe kikue chenyewe kufuata maandishi, usikipe upana wa kudumu. Kisha nenda kwenye mipangilio ya simu ukuze maandishi hadi mwisho. Android 14 inaruhusu asilimia 200, na wapo watu wazima wengi wanaoishi na mpangilio huo. Skrini yako ikikatika hapo, imekatika kwa ajili yao.

Tofauti ya rangi kati ya maandishi na usuli isipungue 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya cheupe kinapendeza ofisini, lakini kikao kikifanyika chini ya mwembe saa saba mchana hakisomeki. Toka nje na simu uone mwenyewe. Usitegemee rangi peke yake kusema nani amelipa: weka na neno "Amelipa". Na aikoni isikae bila maandishi chini yake, labda ile ya kutafuta.

Washa pia TalkBack, kisoma skrini cha Android kinachotamka kilichopo kwenye kioo, ufumbe macho, ujaribu kumwingiza mwanachama mmoja. Kitufe kitakachosomwa "kitufe, hakina lebo" kipe jina siku hiyo hiyo.

Hatua ya 10: Jaribu kwenye karatasi, kisha kwenye simu ya bei ya chini

Kata karatasi ukubwa wa simu halisi, chora vitufe kwa vipimo vyake vya kweli ukitumia rula, ibandike juu ya simu na uishike mkono mmoja. Jaribu kufikia kila kitufe bila kusogeza kiganja. Nusu saa ya kazi hii huokoa wiki za kuandika msimbo.

Programu ikishakuwa tayari, iweke kwenye simu ya kawaida yenye kumbukumbu ndogo, si kwenye simu yako mpya. Tumia simu yenye kioo kilichopasuka. Vioo vya leo hutambua kidole kwa sababu mwili hupitisha umeme na hubadilisha kidogo uga wa umeme wa kioo, na palipopasuka panaweza kuwa na mstari mzima usiopokea mguso. Kitufe kilichoenea upana wote hukupa nafasi ya kugusa pembeni ya mstari huo. Jaribu ukiwa na vidole vyenye maji, na ukiwa na kioo cha kinga cha kubandika.

Kisha mpe mweka hazina, mwambie amwingize mwanachama namba 4 aliyenunua hisa 2 na hakutoa mfuko wa jamii, na unyamaze. Unyamaze kweli. Anaposita, andika alisita wapi. Anapogusa kitu kisichogusika, usimsahihishe: huenda amekuonyesha mahali kitufe kilipopaswa kuwa. Watu watano tofauti watakuonyesha makosa mengi makubwa. Rekebisha, uwape wengine.

Vikao vitatu vya kwanza endesha programu na daftari sambamba. Mwisho wa kila kikao, kabla sanduku halijafungwa, linganisha vitu vitatu: jumla ya skrini, jumla ya daftari, na fedha zilizohesabiwa. Zikitofautiana, daftari ndilo linalofuatwa siku hiyo, na wewe ukae na mweka hazina mpitie rekodi moja moja mpaka mjue ni mguso gani ulioleta tofauti.